Bei ya Ufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
wote wamenambia. Mwenye duka, shemeji,
hata mtoto wa chuoni aliyerudisha sahani ya Bi Zena.
Methali haikutaja bei.

Ulianza chini ya zidaka, karibu na sakafu,
mwembamba kama uzi wangu wa kofia.
Rajabu ulimeza ukucha.
Mfunguo mosi nilitia kijiko
kikazama hadi mpini.

Fundi Lali Shekuwe alikuja Mkomani
na timazi mfukoni, penseli sikioni.
Alikwangua vumbi la ukuta, akalionja.
"Chumvi. Maji yapanda kutoka chini.
Na nyumba hini ina mwendo."
Nyumba ina mwendo!
Mimi mwenyewe, kwa goti hili, sina.

Akabandika donge la chokaa juu ya ufa,
akaandika tarehe.
"Likipasuka, bado yatembea."
Usiku nililisikiliza donge lile
kama mtu asikilizaye kifua cha mtoto.
Siku ya kumi na tisa lilikuwa vipande viwili.
Sikusikia kitu.

Basi nyuma ya kalenda nikaandika:
chokaa madebe thelathini, elfu kumi na nane;
mchanga, safari arobaini za punda, elfu sita;
mawe saba, boriti za kuegemezea tisa;
fundi siku kumi na nne, ishirini na nane,
na vijana wake wawili, ishirini na nane tena.
Elfu tisini na sita.
Kofia moja ya vito huniuzia elfu nne,
na hunila miezi mitatu.
Nikagawa. Nikagawa tena, labda kalamu imekosea.
Kofia ishirini na nne.
Miaka sita ya macho yangu
iingie chini ya ardhi, isionekane na mtu.

Shemeji akasema: saruji, mifuko saba,
siku mbili, rangi juu, yamekwisha.
Fundi hakumjibu. Alinijibu mimi:
"Matumbawe yataka kupumua.
Saruji itaziba pua, ukuta utapasukia kwingine."

Bwanaheri akapiga simu kutoka Mombasa.
"Dada, uza. Mnunuzi yupo, ataziba kwa pesa zake."
Nikamuuliza: ukija Maulidi, utalala wapi?
Simu ikawa kimya; nilisikia feni yake.
Magharibi ujumbe ukaingia:
elfu kumi na moja, bila salamu.
Kofia mbili na robo tatu.

Tukachimba.

Kiwiko kimoja chini, sururu ikagonga kigumu:
vigae vya bakuli la buluu, makaa,
chokaa ya zamani iliyoshika kama jino.
Kiraka.
Na babu aliyeapa barazani, miaka yote,
kwamba nyumba hii haijaguswa tangu ijengwe!
Pembeni, kwenye chokaa ile,
alama ya kidole gumba.
Fundi akaweka chake, kikaifunika yote.
Nikaweka changu.
Kilienea.

Nani? Bibi, au mamake?
Alifanya babu akiwa safarini?
Alilipa nini, bangili, mbuzi,
mwezi mzima wa kulala na njaa?
Hakuna kalenda iliyoandikwa nyuma.
Nilikaa juu ya mchanga nikacheka,
vijana wa fundi wakadhani jua limenipiga.

Kazi yangu ni matundu. Tangu nina miaka kumi
natoboa kitambaa kizima kwa makusudi,
nazungushia uzi, na tundu halichaniki tena.
Sikuwahi kuogopa tundu.
Niliogopa hesabu.

Upande wa kusini umezibwa.
Wa kaskazini uko wazi bado,
boriti tatu zimeuegemeza; napita nikiinama,
na nikisahau, paji la uso hunikumbusha.
Kofia ya tatu nimeikata jana.
Donge jipya lina tarehe mpya. Leo ni zima.
Kesho sijui.

Akija mwingine na methali yake,
mlango uko wazi, ndoo ile pale,
na mchanga haujabebwa wote.