Darasa la Tano Nilikuwa Mimi

Umeme umekatika hapa Mokowe, feni imesimama.
Bwana Nyamawi ananisogezea karatasi za uandikishaji,
kidole chake kimekwama kwenye mstari wa Miswakini:
gredi ya kwanza watano, ya pili watatu,
ya tatu hakuna, ya nne mmoja.
"Mmoja? Hawa wamesahau sifuri.
Andika kumi, twende tukale."

Nimeshika kalamu. Siandiki.

Maana darasa la tano, mwaka ule, nilikuwa mimi.
Mwalimu Shekuwe alifungua rejista ya mistari arobaini
akaita kwa sauti ya kuitia watu arobaini:
"Mwanakheri Abushiri!"
"Nipo, mwalimu."
Akaifunga.
Nilikuwa kiranja, nilikuwa na mpiga kelele;
jina la mpiga kelele niliandika ubaoni mwenyewe
nikalifuta mwenyewe kabla hajaingia.

Madawati kumi na manane, ya msaada, bado yananuka rangi.
Jumatatu nilikaa dirishani,
Jumanne nyuma, kwa watundu,
Jumatano mlangoni, nimwone punda wa maji akipita.
Ripoti ikasema: nafasi ya 1 kati ya 1.
Mama alicheka hata akakaa chini.
"Hongera, mwanangu. Na mkia pia umeushika."

Wenzangu waliondoka kidogo kidogo.
Kale na mamake walifuata maji.
Wana wa Doza walipelekwa bweni, Hindi.
Zeinabu "amehama," nikaambiwa,
na mimi nilikuwa nimekula pilau ya harusi yake.

Nilipougua surua, darasa zima liliugua.
Siku tisa Miswakini haikuwa na darasa la tano.
Ya kumi nilimkuta mwalimu amekaa kwenye dawati langu la Jumanne,
anasahihisha tena insha niliyoiacha,
ileile, kwa wino mwekundu juu ya wino mwekundu.

Kisha akaja bwana wa kutoka wilayani,
viatu vimejaa mchanga, hasira zake zote kwenye viatu.
Akasema serikali haiwezi kumlipa mtu mzima
mshahara kwa kichwa kimoja.
Mwalimu akasema kweli,
kidole kimoja hakivunji chawa.
Lakini chafunua ukurasa.
Yule bwana akaandika kitu. Hatukuambiwa nini.
Shule haikufungwa, wala haikuletewa chaki.

Muhula wa tatu Gubani akatokea upande wa msituni,
peku, na kadi ya chanjo iliyokunjwa mara nane.
Kiswahili chake kilichechemea. Hesabu, alikuwa moto.
Tuligawana ubao, tukagawana rula,
tukagombania dirisha
na madawati kumi na sita yakitutazama.
Mtihani wa mwisho akanipita kwa alama mbili.
Nilikimbia hadi nyumbani, kiatu kimoja nimekiacha njiani:
"Mama! Mama! Nimekuwa wa pili!"

Bwana Nyamawi anatazama saa.
"Hilo si kosa," namwambia.
"Umejuaje?"

Ningemweleza, lakini ana njaa.
Naandika moja, nakandamiza
hata namba inatokea kwenye karatasi ya chini.
Halafu namwomba simu ya ofisi.
Nataka kupiga Miswakini, niulize
anaitwa nani.