Lipa Namba

Kazi yangu kuhesabu sadaka. Jumapili,
ibada ya pili ikifika kwenye machozi,
sisi wanne tunafungiwa chumba cha nyuma ya madhabahu,
bila mikoba, bila simu, mikono ya nguo imekunjwa,
na Mzee Kaaya anageuza ufunguo kwa nje.

Miaka kumi na moja. Nazijua noti kwa pua.
Hii imetoka Feri, ina magamba.
Hii ililala kwenye debe la dona, Buguruni.
Hii elfu mbili, iliyokunjwa mara nne, ndogo kama hirizi
(Mungu anisamehe neno hilo),
ni ya mama mmoja wa Vingunguti nisiyemjua sura.
Kila wiki naikunjua kwa kucha
kama anayemvua soksi mtoto aliyelala.

Kisha mifuko ikaanza kuwa myepesi.

Hatukuambiwa kitu. Noti za kunuka zilibaki.
Za wenye magari zilipaa, zikaingia kwenye simu.
"Ni teknolojia, dada," alisema Mchungaji Lutufyo,
yule wa viatu vya soli nyekundu,
"hata mbinguni siku hizi hawana chenji."
Tukacheka. Alijua kuchekesha.

Mtume Mwasongwe alikuwa India, figo.
Waumini waliambiwa yuko mlimani, anafunga.
Kiti chake kilibaki jukwaani chini ya kitambaa cha zambarau
na kila aliyepita karibu
alikipima kwa jicho la fundi cherehani.
Mama Nsia alikuwa anasogeza cha kwake inchi mbili kwa wiki.
Nilikuwa karani wa benki, mimi. Inchi mbili.
Lutufyo naye akahubiri na pete ya Mtume kidoleni:
"Naitunza tu."

Ikafika Jumapili ya skrini.
Ya kushoto, upande wa kwaya, namba inaishia saba-saba.
Ya kulia, upande wa wageni maalumu, sifuri-tatu.
Watu elfu nne wameinua simu kama wanaotafuta mtandao,
wanatazama huku, wanatazama kule.
Na simu haina adabu ya kanisani:
kabla haijakata hela, inakutajia jina.
Kushoto: NSIA VIFAA VYA UJENZI.
Kulia: LUTUFYO NA WANAWE.
Sisi tulizoea kutoa kwa jina la Yesu.
Hilo halikutokea.

Nilisikia ukutani:
kwanza kimya, kitu ambacho kanisa lile halikuwahi kumiliki;
kisha kijana mmoja akacheka;
kisha mpiga kinanda, kwa woga, akaanzisha shukrani;
kisha viti vya plastiki.

Mia tatu arobaini na...
Nikaanza upya. Moja.

"Fungua!" Huyo Mama.
"Usifungue!" Huyo Lutufyo.
Na Mzee Kaaya, ufunguo mkononi,
analia au anaomba,
kwa umri wake vyote ni sauti moja.

Yaliyofuata mmeyasikia. Polisi.
Kiwanja cha yatima kule Goba, kumbe kimeota ghorofa tatu
bila yatima hata mmoja.
Hema jipya Kinyerezi, lililoondoka na soprano wote;
besi wamebaki kwetu, wanaunguruma peke yao.
Mtume akarudi kwenye kiti cha magurudumu, akasema:
"Wanangu wanagombea mirathi, na baba bado anapumua."
Watu wakalia. Na mimi nililia, sifichi.
Halafu nikaikumbuka sahihi kwenye hati ya Goba.
Nimeiona kwenye hundi miaka kumi na moja,
ile M yake, inavyopiga magoti.

Jumapili iliyopita mfuko ulikuwa mmoja.
Chini kabisa, elfu mbili, mikunjo minne.
Nikaikunjua taratibu. Ndani, kwa mara ya kwanza, karatasi,
mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani:
*Naomba risiti.*

Kalamu ninayo.
Nimekaa nayo tangu juzi, wino unakauka nchani.
Sijui pale juu, penye "Imepokelewa na",
niandike jina la nani.