Dumu la Tatu

Kwetu Kyela tukikutana asubuhi tunaulizana: umelala?
Huku Igogo, juu ya mawe, wanaulizana: kumekucha?
Ugonile. Mwangaluka.
Siku ya kumi na tisa tangu nijifungue
sikuwa na jibu la salamu yoyote kati ya hizo.

Chumba chetu kimeegemea jabali.
Mchana jabali linakunywa jua,
usiku linatutemea joto lote.
Mume wangu yuko Goziba kwenye dagaa,
simu yake inashika akipanda juu ya pipa.
"Anafananaje?" anauliza.
Nasema, analia.
Inakata.
Na kule chini ziwani, mwezi ukiwa gizani,
taa za wavuvi zinawaka mamia kwa mamia,
mji mzima, na sina mtaa ninaoujua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo.
Mimi mgeni nilimzaa mgeni
na mlangoni hakuwepo mwenyeji wa kupona.

Kijana wa maji, Lutubija, alikuwa akipanda kila siku
na madumu mawili, jasho likimtangulia.
Siku hiyo nikamwambia: niletee la tatu.
Sikuwa na shida ya maji.
Nilitaka apande tena.

Akapanda. Akanikuta nimekaa sakafuni,
mtoto analia, na mimi pia,
yale mawili ya kwanza yamejaa vilevile, hayajaguswa.
Nikampa hela yake. Akaitazama.
"Hili la tatu halina bei, dada."
Akashuka.
Alichokisema kule bombani mpaka leo sikijui.

Wa kwanza kufika alikuwa Nkwimba,
anahema, anazilaani ngazi:
"Nani kakutuma uzalie mbinguni?"
Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja
kwenye beseni la nepi, akakunja mikono ya gauni.
Bakuli lake la michembe na karanga
lilikaa kitandani kama mtu aliyekuja kunitazama.

Akaja Nyabise na kichwa cha sato,
mchuzi mweupe, ndimu, pilipili kwa mbali:
"Kunywa mpaka ufike kwenye jicho."
Nyabise ana mdomo. Kesho yake bomba zima lilijua
kwamba yule wa juu analia usiku.
Niliona aibu, nikakasirika,
kisha wakapanda wengine wawili kwa sababu ya mdomo huohuo.
Walibishana juu ya kichwa changu:
tumbo lifungwe, lisifungwe,
mtoto apewe maji, asipewe, nesi amekataza,
nesi mwenyewe kazaa lini?

Kokuhumbya hakubishana.
Mwaka jana alishuka kutoka Bugando mikono mitupu,
hilo niliambiwa baadaye.
Alimchukua mwanangu, akamweka begani,
akasimama mlangoni akitazama maji.
Nikalala.
Nilipoamka kivuli cha jabali kilikuwa kimehama
na yeye alikuwa bado amesimama palepale.
Sikumuuliza kitu. Nilisogea tu kitandani,
akakaa.

Mume wangu alirudi bila taarifa.
Akaona jozi sita za kandambili nje ya mlango,
akaweka gunia chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.
Alidhani ni msiba.
Nkwimba akatoka, akamtazama juu mpaka chini,
akamtia mtoto mikononi.
"Shika. Haumi."
Akashika kama mtu aliyepewa yai na mahakama.

Bakuli la Nkwimba bado liko kwangu.
Bakuli halirudi tupu, na sijajua nilitilie nini;
dagaa ni wa kuuza, mchele umebaki wa kesho.
Kila asubuhi naliosha, nalirudisha dirishani.

Leo amepita kule chini na ndoo kichwani,
akapaza sauti bila kuinua shingo: "Mwangaluka!"
Nikamjibu kikwetu.
Akacheka, hakuelewa neno.
Nilimwambia nimelala.