Fomu Iliyoharibika

Mimi ndiye ninayezirudisha fomu za bima za wenzangu.
Miaka tisa, dirisha la pili, masijala ya halmashauri:
nakagua majina ya wategemezi kwa rula na kidole,
na mtoto akitokea mara mbili, kwa baba na kwa mama,
nagonga mhuri mwekundu, nasema bila kuinua macho,
"Kaelewaneni nyumbani kwanza."
Nyumbani. Kama kwamba kila mtu anayo moja.

Juzi kompyuta imenirudishia fomu yangu mwenyewe.
Nyemo Ndahani: jina limeshaandikwa.
Yaledi Ndahani: jina limeshaandikwa.
Baba yao aliwahi Jumatatu
wakati mimi nasubiri picha zikauke.

Ustawi wa jamii walitugawia wiki:
moja kwangu Nkuhungu, moja kwake Ipagala.
Jumapili saa kumi watoto wanavuka mji na mfuko wa salfeti,
sare, madaftari, dawa ya kupuliza,
na kiatu kimoja ambacho daima kinasahauliwa upande wa pili.
Usiku nikahesabu. Nusu ya mwaka ni siku mia na themanini na mbili
na kipande.
Hicho kipande ni cha nani?

Nikampigia Ndahani. Ada nalipa mimi, akasema.
Na unga wa uwele? Na sweta za Juni? Na nani anakesha kifua kikibana?
Tulisomeana kama daftari la madeni la duka la Mangi,
mpaka akashusha sauti:
"Basi tugawane. Nyemo kwangu, Yaledi kwako."

Nikanyamaza.
Ndivyo tulivyogawana mbuzi wa Mvumi,
jike huku, beberu kule,
na waliolia siku ile walikuwa mbuzi tu.

Alhamisi Yaledi akabanwa.
Makole, saa saba usiku, upepo unasaga vumbi kwenye vioo,
mhudumu akauliza, "Kadi?" bila kuinua macho.
"Iko kwa baba yake."
"Kaelewaneni kwanza," akasema, na sauti ilikuwa yangu.

Ndahani alifika kwa pikipiki, sweta kaligeuza ndani nje,
kadi kaibana kwa meno.
Tukakaa benchi moja, Nyemo kalala katikati yetu,
kichwa kwangu, miguu kwake.
Mashine ya mvuke ikaunguruma hadi adhana.
Hatukuongea. Aliponunua chai alinunua vikombe viwili,
sukari yangu bado anaikumbuka.

Asubuhi namkuta Nyemo na ile fomu iliyokataliwa,
kaijaza kwa penseli, ulimi nje.
Majina ya wategemezi wako:
Mama. Baba. Yaledi. Kuku mweupe wa Ipagala.
Umri: mkubwa, mkubwa, sita, sijui.
Uhusiano: wangu, wangu, wangu, wangu.

Kwa kanuni za dirisha la pili imeharibika.
Penseli hairuhusiwi. Kuku hana cheti cha kuzaliwa.
Nimeiweka kabatini, chini ya kopo la sukari.

Jumatatu atakuja mtu na jina lililojirudia,
atasukuma karatasi chini ya kioo,
na mimi, mhuri mkononi,
sijui nitamwambia nini.