Bechi ya Mia na Tisa

Nipe kibano na taa,
karatasi itakaa;
usiku una masaa
mengi ya kazi mezani.

Pongwe, karibu na Tanga,
chokaa hupanda anga;
sisi milango twafunga
vumbi lisifike ndani.

Tunaunda kiduara
laini, hakina sura;
kikikauka hukera
kama mchanga jichoni.

Lenzi ndilo jina lake,
laini ya teketeke;
huivaa mume, mke,
wasome bila miwani.

Kalibu mbili hubana
tone la uji mwanana;
joto la leo na jana
liwe moja mashineni.

Huoga chumvi, huvimba,
kila moja na kijumba
chake, na muhuri, namba,
na tarehe ubavuni.

Ya kwanza, ya laki moja,
zote zisiwe na hoja;
jicho halina kungoja
kutoa yake maoni.

Unywele upasuliwe,
mara kumi ugawiwe,
kipande kimoja kiwe
ruhusa yetu pembeni.

Mimi Mwanahija Hoza,
kazi yangu kuchunguza:
nainua, nageuza
kwa jicho la hadubini.

Nasaka tundu na ufa,
kipovu, pengo, kashifa
ndogo isiyo na sifa
iliyofichwa ukingoni.

Usiku wa bechi ile,
mia na tisa, kelele
za feni ni zilezile
za kila siku kazini.

Mashine haikuona;
taa ya kijani, tena
«safi, safi» ikinena
kama kasuku tunduni.

Bosi wetu, Shemdoe,
alisema: «Tuzitoe,
lori lipo, lipokee,
zifike kesho mjini.»

Mimi niliona kitu,
si ufa, wala si kutu,
kivuli kidogo, butu,
saa tatu ukingoni.

Nikachukua ya pili:
mahali pale, kivuli.
Ya tano nayo. Ni kweli:
kosa liko kalibuni.

Usawa nao huponza:
kosa moja likianza
hurudi kama la kwanza
hadi laki, kwa yakini.

Bosi akafumba jicho
moja, akasema: «Hicho
si chochote, ni kijicho,
au unywele, jamani.»

Nikasema: «Hebu vaa
wewe kwanza.» Akakaa,
akitazama tu saa
ya mshale ukutani.

Nilimkumbuka yule
mshona nguo wa kule
Duga, alokuja mbele,
kisanduku mkononi:

«Ya jana, hata sijui
kuwa naivaa. Hii
ya leo haitulii,
na sindano siioni.

Namba moja, chapa moja,
duka moja, siku moja,
vipi zisiwe pamoja
nikiziweka machoni?»

Siku hiyo sikujibu.
Usiku ule, jawabu
likaja kwa taratibu,
likashuka kidoleni:

nilibonyeza. Ukanda
ukakwama. Lori kwenda
tupu; mimi kuziponda
zote hizo, kwa makini.

Zikipondwa huteleza,
zi kama ute wa pweza,
ziking'aa, zikiwaza
zingevaliwa na nani.

Mshahara ulikatwa
siku tatu; sikuitwa
shujaa, wala kuletwa
chai, keki na sahani.

Kalibu ilipopimwa
ukweli haukusemwa
kwa sauti. Ilitemwa
kimya kimya, pu! jaani.

Kuna mtu Makorora
aliamka, akachora
wanja, bila hata kera,
kisha huyoo, sokoni.

Hanijui, simjui.
Jichoni hakisumbui
kitu; hata hatambui
kwamba kipo. Ndiyo shani.

Na wewe unayesoma,
hesabu mizani, nyuma
kuna moja nimepima
ikazidi, ukingoni.