Chupa ya Ukungu

Basi liliniacha saa kumi na moja alfajiri
penye kibao chenye jina tu, Caleta Huanay,
na mshale ulioelekea baharini.
Kushoto jangwa. Kulia maji. Katikati mimi
na begi lenye mwavuli.

Eduvina Zuleta aliucheka ule mwavuli
mpaka akashika nguzo ya jiko.
Paa lake ni la mbao nyembamba, lina tundu,
na kwenye tundu amepitisha waya wa redio.
"Mvua ikija?" nikauliza
kwa Kihispania changu cha kuungaunga.
Akamwita mwanawe uani: "Yerko, mvua ilikuja lini?"
Yerko, mtu mzima, ndevu zimemjaa,
akafikiri. Alikuwa anaota meno.

Siku ya kwanza nilipiga picha kila kitu:
mwani uliotandazwa mchangani kama mishipi ya majitu,
mbwa asiye na kivuli cha kulalia,
misalaba ya wachimba chumvichumvi
na maua yake ya bati, hayanyauki, hayanukii.

Siku ya pili Yerko alinivusha kwa mashua ya mota
kwenda kisiwani. Cheupe! Nikadhani chumvi,
nikaanza kusema lo, uzuri ulioje,
pua ikanikatiza.
Mavi ya ndege, rafiki, ya karne na karne.
Watu walikufa wakiyachimba, alisema,
ili ngano ya watu wengine, mbali, inenepe.
Simba-bahari wakatutazama kutoka mwambani
kama wapangaji wanavyomtazama mgeni wa mwenye nyumba.

Siku ya tatu, kwetu, mgeni hupewa jembe.
Eduvina hakuijua methali hiyo.
Alinipa brashi na ndoo,
tukapanda mlima saa mbili nzima,
yeye akiongea, mimi nikihema.

Juu kule nikakuta nyavu.
Nyavu, ndiyo, nyeusi, zimekazwa kwenye nguzo
mahali ambapo samaki hata kwa ndoto hafiki.
"Sugua vumbi," akasema, "halafu nyamaza."
Nikasugua. Nikanyamaza.

Ukaja kutoka baharini bila miguu.
Wao huuita kamanchaka.
Ukala maji, ukala kijiji, ukala barabara,
ukala mkono wangu ulioshika brashi.
Kisha wavu ukaanza kutoka jasho.
Tone likasita kwenye uzi, likangoja jingine,
yakashuka pamoja mferejini,
na kutoka mferejini, ti, bombani,
ti,
pipani.
Nikakumbuka bomba la bafuni kwangu
linalovuja tangu Ramadhani,
nami usiku hulipandishia sauti ya redio.

Haba na haba, nikanong'ona,
na kwa mara ya kwanza nikakiona kibaba chenyewe:
pipa la bluu, lina mfuniko, lina kufuli.
Kufuli? Jangwani? Nani atapanda huku kuiba?
Eduvina akaangua kicheko kilekile cha mwavuli.
"Dada yangu," akasema.

Asubuhi ya kuondoka alinijazia chupa,
akaifunga kwa gazeti kama yai.
Hakusema ni zawadi. Alisema, "Usiimwage."
Mwavuli nikamwachia; ameusimamisha uani,
kuku wanautagia chini yake.

Uwanja wa ndege wa Santiago, foleni ndefu,
viatu mkononi, mkanda mkononi,
kijana mwenye glavu akainua chupa yangu kwenye mwanga.
Maji hayapiti, akasema. Ni sheria.
Pipa la taka lile pale.
Nikamwambia si maji.
Akaniangalia. Nyuma yangu mtu akaguna.

Basi nikainywa, pale pale, soksi sakafuni,
yote, taratibu, foleni ikisubiri.
Ilikuwa na ladha ya plastiki,
na ya kitu kingine kidogo, cha nyuzi,
ambacho bado nakitafuta
kila nifunguapo bomba.

Fundi nimemwita. Amesema Jumanne.