Mwenye Punda Hana Jina

Mwanakombo alileta filamu ndani ya flashi,
akaichomeka ubavuni mwa runinga ya mjombake,
akatupanga mkekani kwa vimo, kama sufuria,
nami nikapewa mto, maana ndimi mwenye mgongo mbovu.

Ni kisa cha msichana na punda aliyemtorosha usiku
ili asipigwe tena. Msichana ana babu anayemwelewa,
ana rafiki wa kuchekesha, ana baiskeli,
nywele zake hazichafuki hata matopeni.
Punda ana jina na kope ndefu.
Hata mbwa wa jirani ana jina.
Mwenye punda hana.
Ana masharubu, ana fimbo, hukohoa kabla hajaonekana,
na kila akikohoa muziki unakuwa mzito.

Wanangu walimzomea. Shebe alimrushia ganda la njugu.
Mimi, niliyeshinda baina ya Mlaleo na Barsheba
na madumu ishirini ya maji ya kisima,
nilikizuia kikohozi changu
kikanikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Nilingoja aonyeshwe mara moja tu akidaiwa kodi,
au akimpaka punda mafuta ya nazi
pale nira ilipomla.
Wapi! Akatumbukia bwawani, watu wakacheka,
filamu ikaenda zake na msichana.

Simlaumu msichana. Nilimpenda.
Kuna mahali punda kagoma katikati ya daraja:
hakumvuta, hakumbembeleza,
aliketi chini kando yake, akangoja.
Miaka kumi na tisa naenda na punda,
sijawahi kuketi.

Ilipokwisha, Mwanakombo alisimama akatumia sauti ya mwalimu wake:
"Funzo ni kwamba wanyama nao wana haki."
Kisha akanitazama, akaona jambo,
akainama kuukunja mkeka wakati Shebe bado yu juu yake.
"Baba," akasema, "yule mwenye punda,
walisahau kumpa watoto."

Usiku niliwasha tochi ya simu nikatoka uani.
Sikwenda kutubu. Nilikwenda kutazama begani mwa Tunu
kidonda ambacho mwezi mzima nimekiita mkwaruzo.
Kilikuwa kidonda.
Alininusa mfukoni, hakupata kitu, akaninusa tena.
Niliketi penye unyevu, juu ya mabua.
Kikohozi kikaja, nikakiachia.
Sikio lake moja liligeuka upande wangu,
likabaki limegeuka.